Swichi Kando ya Kitanda

Runinga ilifika kabla ya fundi, na mlango wa chumba cha ndani ukaikataa. Nyumba za mawe za Mikindani zilijengwa na watu waliotaka kuzuia jua na macho ya wapita njia. Hawakuwa na habari kwamba iko siku mtoto wa ukoo atanunua kioo kipana kuliko kitanda cha wageni. Wabebaji wakaisimamisha wima, wakailaza ubavu, wakatamka maneno ambayo hayatamkwi kwenye nyumba ya msiba, na mwisho ikapita huku kona ya boksi imechubuka.

Husna, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Faraji, aliyasikia yote hayo akiwa stoo, amejifungia pamoja na magunia ya mchele. Alikuwa amekaa eda. Mumewe, Mzee Shafii, alifariki msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, na tangu siku hiyo Husna hakuvuka kizingiti cha nje, hakugusa hina wala wanja wala marashi, na hakuna mwanamume wa kando aliyeuona uso wake. Hayo hakuyalalamikia. Mzee Shafii alikuwa mume wa kukaliwa eda kwa moyo mmoja, na Husna aliwajua wake wawili watatu pale mtaani ambao yakiwafika wataikaa huku wakichungulia kalenda. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Sharifa, mwanawe wa pekee wa kike, alikuwa anaolewa, na yeye mama mtu hatakuwepo.

Tarehe ya ndoa aliiweka marehemu mwenyewe. Akiwa kitandani, mdomo umepinda upande na maneno yanatoka kwa shida, alimwita Sharifa, akamwekea mkono kichwani, akampa radhi yake, kisha akawageukia wengine akasema ndoa isimngoje yeye. Nani atabishana na kauli ya namna hiyo? Lakini nyumba yenye mjane ndani haipigiwi vigelegele, kwa hiyo wazee wakaihamishia harusi Ziwani, kwa kaka mkubwa wa marehemu, na Sharifa akapelekwa huko mapema kuwekwa ndani na somo wake, mwanamke wa kumfunda. Ziwani si mbali. Bodaboda mwenye haraka zake anafika kabla chai haijapoa. Kwa Husna, mwaka huo, Ziwani na Maskati zilikuwa umbali mmoja.

Ndipo Faraji akapiga simu. Faraji ni mtoto wake wa kwanza, anafanya kazi Dar es Salaam, na anaamini kwamba hakuna huzuni isiyokuwa na kifaa chake dukani.

"Mama, nakufungia sinema humo humo chumbani," alisema. "Utaiona harusi nzima, na sauti itakuzunguka pande zote. Utadhani uko Ziwani."

"Mimi nataka kuwa Ziwani, sitaki kudhani."

"Mama, nimeshanunua."

Basi. Mtoto akishanunua, mzazi anabaki kusema ahsante.

Wabebaji walipoondoka, Husna alitoka stoo akaikuta runinga imetolewa kwenye boksi, imeegemezwa ukutani, nyeusi tii. Ndani ya weusi ule mlisimama mwanamke mashavu yamemwingia ndani, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Ilimchukua muda kumjua ni nani. Kabla hajamtazama vizuri, kanga ilipita mbele ya macho yake ikaifunika runinga gubigubi.

"Mjane hatazami kioo," alisema Bi Mariamu. "Na hii ikizimwa ni kioo. Nimejiona humo hadi pengo."

Bi Mariamu alikuwa mwanamke mtu mzima wa mtaa wa pili, na ndiye aliyekuja kukaa na Husna tangu msiba, kama desturi ya wajane inavyotaka. Kazi yake ilikuwa kumpikia, kumkumbusha na kumkataza, na katika hizo aliipenda zaidi ya mwisho. Alikuwa ameshakataza redio, kiti kilichotazama dirisha, na sabuni ya kuogea iliyonukia waridi. Runinga nzima ilikuwa imemfikia kama neema.

Fundi alikuja kesho yake. Faraji alikuwa ameliomba duka la Mtwara mjini limletee fundi mwanamke, na duka lilikuwa na mmoja tu, Telma. Babu zake walivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji wakaanza maisha upya karibu na Kilambo, na Kiswahili chake kilikuwa bado na ladha ya Kimakonde: mtu kwake alikuwa ntu, na mkono nkono. Aliingia na suruali ya kazi, juu yake amejifunga kanga kwa heshima ya nyumba, penseli imechomekwa kwenye nywele. Alitoa pole ya msiba, akakaa chini kimya kidogo kama inavyotakiwa, ndipo akauliza soketi iko wapi. Bi Mariamu akayameza nusu ya maneno aliyokuwa amemwandalia.

Maagizo ya Faraji yalikuwa mafupi. Rauta ikae ukumbi wa mbele, kila kitu kiende kwa hewa, nyaya zisionekane. Telma alifanya hivyo hivyo, bila ubishi. Akaiweka rauta ukumbini, akaitundika runinga mbele ya kitanda, akawapigia watu wa Ziwani kwa ajili ya majaribio. Picha ikaja. Alionekana somo wa Sharifa akila, akamkaribisha Mama Faraji kwa mkono, kisha akaganda. Mdomo wazi, tonge hewani. Wakangoja. Tonge likabaki pale pale.

"Amekufa?" aliuliza Bi Mariamu kwa sauti ya chini.

"Hajafa, bibi. Ni ukuta huu." Telma aliupiga kofi. "Matumbawe na chokaa, unene wa nkono mzima. Intaneti inatoka ukumbini, inagonga hapa, inarudi kwao. Nyumba hii inataka waya. Naomba nitoboe mahali pamoja tu."

"Kutoboa?" Bi Mariamu alisimama. "Mwenye nyumba udongo wake haujakauka, na wewe unatoboa ukuta wa babu yake?"

Telma akachomoa penseli, akaichomeka tena. Husna, aliyekuwa kitandani muda wote huo kama mgonjwa anayejadiliwa na ndugu, alisema, "Sogezeni kabati."

Nyuma ya kabati, usawa wa kiuno, palikuwa na kibao kilichopakwa chokaa mara nyingi hata ukakiona ni ukuta. Husna alikijua. Enzi za mama mkwe wake, mwanamwali aliyewekwa ndani au mjane wa eda alipitishiwa sahani hapo kutoka upande wa jikoni, asimwone anayeleta wala anayeleta asimwone. Yeye mwenyewe alipoletwa bi harusi katika nyumba hii alikula kupitia tundu hilo wiki nzima. Siku moja, badala ya sahani, ulipita mkono wa kiume umeshika korosho za kukaanga ndani ya karatasi. Shafii alikuwa ameshindwa kusubiri. Husna hakuwahi kumwambia mtu habari ya korosho zile, na hata sasa hakuisema. Alisema tu kwamba tundu liko, litumike.

Telma alikibandua kibao, akaingiza mkono hadi kwapani, akacheka peke yake. "Mama, nimefunga mitambo Mtwara yote. Nyumba yenye tundu lake tayari sijapata kuiona."

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Waya ulitoka ukumbini, ukafuata pembe ya dari ya ujia, ukapita tundu la sahani na kuingia chumbani, wote umefunikwa kwa mfereji wa plastiki ambao Telma aliupaka chokaa hadi ukapotea machoni. Spika mbili akaziweka mbele, mbili nyuma ya kitanda, moja katikati chini ya runinga, na sabufa pembeni. Ilipojaribiwa, sabufa iliguna, na Bi Mariamu akasema jini hilo likiguna tena yeye anarudi kwake. Kila waya Telma aliufungia karatasi ndogo yenye jina: RUNINGA, SPIKA NYUMA, RAUTA, BETRI. Waya unaoning'inia, alieleza, leo unamkwaza ntu, kesho fundi anatukanwa mpaka ukoo wake. Husna alivutiwa. Alikuwa mwanamke wa kukunja nguo pembe kwa pembe, na hapa alimwona mwenzake.

Bi Mariamu alikuwa jikoni Telma alipotoa kwenye boksi kitu kidogo cheusi, kiasi cha kidole gumba.

"Hii ni maiki," alisema. "Kwa hii, Ziwani wangekusikia ukisema. Kaka Faraji ameniambia kamera nisiweke kabisa, na hii nisiiunganishe. Anasema wazee wamekata shauri: picha ije huku, lakini kutoka huku isitoke sura wala sauti. Sauti ya mjane isisikike na wanaume."

"Ndivyo wanavyosema."

"Dini yenu imesema hivyo?"

"Dini haijasema. Wazee ndio wamesema." Husna aliinyoosha kanga yake. "Na mimi sikuulizwa."

Telma aliigeuza maiki kiganjani. "Kwetu Kilambo mama ndiye anayemtoa bi harusi. Asipokuwepo, ngoma haianzi. Kwenu je?"

Husna alimweleza. Kwao mama hutoa radhi. Haitolewi wiki moja kabla, wala haitolewi kwa bi harusi aliyevaa gauni la nyumbani. Siku yenyewe, hina imekauka, nguo zimevaliwa, binti anapiga magoti, mama anamwekea mkono kichwani na kutamka. Hapo ndipo anakuwa huru kwenda. Sharifa alipokuwa anaondoka kwenda Ziwani alishika fremu ya mlango ule pale akasema, Mama, mimi kaka akija kuniomba idhini sitamjibu neno mpaka nipate radhi yako. Wakakubaliana kwamba asubuhi ya ndoa watapigiana simu, mkono wa kichwani Mungu ataujazia.

"Simu inatosha," alisema Husna.

"Inatosha," Telma alikubali. Akatazama sakafu. "Lakini maiki ikiwa kwenye boksi na maiki iliyozimwa kwa swichi, bubu ni wale wale. Nikikuwekea swichi hapa kando ya kitanda, usipoibonyeza, wazee hawajavunjiwa shauri lao. Hii ni nyumba yako, mama. Sema."

Husna alisikiliza vishindo vya Bi Mariamu jikoni. Zamani kidogo angesema nitamuuliza baba Faraji. Hakukuwa na wa kuuliza.

"Weka," alisema. "Ila isiwashwe."

Telma aliifunga nyuma ya mbao za kichwani, mahali mkono wa mtu aliyekaa kitandani unafika bila kunyooka. Akachukua karatasi ya jina, akaandika MAMA, akabandika.

Siku ya ndoa Husna aliamka mapema akaoga kwa sabuni isiyonukia. Telma alikuja kusimamia mitambo, akakaa pembeni na simu yake, akiwasiliana na Josephu, fundi mwenzake aliyekuwa upande wa Ziwani. Husna alimpigia Sharifa. Ikapokewa na somo.

"Bi harusi hashiki simu leo, Mama Faraji. Simu yake ninayo mimi, kwenye mkoba."

"Nipe niseme naye neno moja."

"Yuko kwenye hina. Baadaye."

Baadaye alipopiga, hina ilikuwa imeisha na nywele zimeanza. Alipopiga tena, haikupokewa. Mkoba wa somo ulikuwa na kelele zote za harusi juu yake. Akampigia Faraji. Faraji ndiye walii wa dada yake, kwa kuwa baba hayupo, na alikuwa anapokea wageni, sheikh na lawama za masufuria kwa pamoja.

"Mama, tumeshachelewa. Radhi utampa jioni, mambo yakitulia."

"Jioni ameshakuwa mke wa mtu. Radhi ya nini tena jioni?"

"Mama, sheikh huyu ameingia. Nitakupigia." Akakata.

Husna aliiweka simu juu ya godoro. Hasira ilimpanda, akawa hana mahali pa kuipeleka. Mwenye eda hata kutembea na hasira zake uani kwake ni mwendo mfupi. Telma naye alikuwa anakunja uso juu ya simu yake.

"Mama, kuna neno," alisema kwa sauti ya chini, Bi Mariamu asisikie. "Kaka Faraji alitaka wanawake wa ndani waisikie hotuba ya uani. Josephu ameunganisha spika zote njia moja. Ile swichi yako, ukiibonyeza, hausikiki chumbani kwa bi harusi tu. Uwanja mzima unakusikia. Wanaume wote. Nimeona nikwambie."

"Asante," alisema Husna.

Kanga ikaondolewa kwenye runinga, na Ziwani ikaingia chumbani.

Faraji alikuwa amesema kweli, sharti apewe haki yake. Sauti ilimzunguka. Vijiko viligonga sahani kushoto kwake, mtoto alilia nyuma ya kitanda, na wanawake waliopangana kwenye mkeka walinong'ona kama wako pale pale. Katikati yao alikaa Sharifa, ushungi wa dhahabu, mikono imejaa maua ya hina hadi kwenye viwiko. Binamu yake mmoja ndiye aliyeshika simu ya kupigia picha, na picha ile ilikuja Mikindani peke yake. Machozi yalimtoka Husna yenyewe. Alitaka kumrekebisha ushungi, umekaa chini mno kwenye paji, na hakuna katika kundi lile lote aliyekuwa na macho ya kuliona hilo.

"Mashaallah," alisema Bi Mariamu, aliyekuwa ameapa kutoitazama runinga, na ambaye sasa alikuwa ameivutia kigoda.

Sauti ya sheikh ilisikika kutoka uani ikisoma hotuba ya ndoa. Ikanyamaza. Faraji akaonekana mlangoni na mashahidi wawili nyuma yake, kanzu imempwaya mabegani. Ilikuwa kanzu ya baba yake. Alipiga magoti mbele ya dada yake.

"Sharifa binti Shafii, unaniruhusu nikuozeshe kwa Shabani, kwa mahari mliyokubaliana?"

Sharifa akanyamaza. Wanawake wakatabasamu. Mara ya kwanza bi harusi hajibu, ndio adabu.

Faraji akauliza tena. Kimya. Tabasamu zikaongezeka; mara ya pili nayo hunyamaziwa na waliolelewa vizuri.

Akauliza mara ya tatu. Kimya.

"Mwanamwali akinyamaza amekubali," alisema shahidi mmoja kwa upole. "Ndiyo sheria. Twende."

Somo akavuta pumzi ya kupiga kigelegele. Lakini Husna hakuwa anamtazama somo. Alikuwa anatazama kidole gumba cha Sharifa. Tangu mdogo, mtoto huyu akiwa anasubiri kitu na hataki kukiomba, husugua ukucha wa gumba kwa kidole cha shahada, anausugua, anausugua. Alifanya hivyo kwenye foleni ya sindano, akafanya hivyo mlangoni akimngoja baba yake arudi kutoka bandarini. Hina mpya ilikuwa inatoka ukuchani pale. Kisha Sharifa akainua macho, akawapita Faraji na mashahidi na somo, akatazama moja kwa moja ndani ya simu ile, yaani ndani ya chumba hiki, kwenye kitanda hiki.

Hakuwa amekubali. Alikuwa anangoja. Na watu wazima wale wote walikuwa wanajiandaa kushangilia.

Husna alifikiria wazee. Akafikiria uwanja wa wanaume, wakwe wapya, maneno yatakayotangulia mtaani kabla ya yeye kumaliza eda. Aliyafikiria yote hayo kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiria. Kisha mkono wake ukaenda nyuma ya mbao za kichwani, ukapapasa, ukaikuta karatasi. Akabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

"Imewaka hii?" alisema.

Sauti yake ikatoka Ziwani, ikarudi chumbani kupitia spika za nyuma, kubwa, ya mwanamke asiyemjua. Bi Mariamu akageuka kwenye kigoda. Kule, kila kitu kikasimama. Hata vijiko.

"Sharifa. Ni mama yako. Mimi nimekuona, umependeza. Radhi yangu unayo mwanangu, ya dunia na ya akhera. Ya baba yako unayo, alikupa mwenyewe, nami nilikuwepo. Ishike ndoa yako, na Mungu awashike ninyi wote wawili." Alitafuta neno la kumalizia, akapata lililokuwa karibu. "Sasa mjibu kaka yako, watu wana njaa."

Kisha ikaja, "Amina." Haikutoka kwa wanawake. Ilitoka uani, kwa wanaume waliokaa kwenye majamvi, wazee wenyewe waliokata shauri wakiwemo, sauti nzito na nyingi kwa pamoja, na mitambo ya Faraji ikazigawa kama ilivyoundwa kuzigawa: Amina ikaja kutoka mbele, ikaja kutoka kushoto na kulia, ikaja nyuma ya kitanda alichokuwa akilalia Shafii. Sabufa ikaguna. Chumba kizima kikamwitikia.

"Nimekubali," alisema Sharifa, kwa sauti ambayo haikuhitaji spika. "Niozeshe, kaka."

Vigelegele vilipasuka. Faraji alijifuta uso kwa mkono wa kanzu ya baba yake, akaenda uani, na binamu mwenye simu akamfuata hadi mlangoni ili Mikindani wamwone bwana harusi akipeana mkono na walii. Husna alilia bila kujificha, kwa kwikwi, kama alivyokuwa hajalia tangu siku ya maziko. Bi Mariamu naye alikuwa analia, huku ameisogelea runinga hadi pua inakaribia kuigusa.

"Ndiye huyu?" alisema. "Shabani ndiye huyu? Mbona mfupi hivi? Jamani, Sharifa si atambeba!"

Kwenye runinga bwana harusi aliinua kichwa. Kicheko kikaanza uani, kikatapakaa, kikawafikia nyuma ya kitanda. Sauti ya mzee mmoja ikasema, "Mfupi, bibi, lakini mikorosho yake mirefu!"

Telma alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika, anaonyesha kwa kidole ile taa nyekundu. Bi Mariamu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Husna akanyoosha mkono nyuma ya mbao, akazima.

Ziwani sahani zilianza kupita.

"Nilikuwa na la kukwambia, Mama Faraji," alisema Bi Mariamu. "Kuhusu sauti na wanaume."

"Najua."

"Sasa sina."

Ngoma ilipoanza kuandaliwa uani, Husna alimwomba Telma azime. Ngoma ilikuwa ya wenyewe kule. Nyumba hii bado ilikuwa na msiba wake, na alitaka kurudi kwenye msiba wake taratibu. Telma akabonyeza rimoti, akakusanya vifaa vyake, akauliza kama ile maiki aing'oe, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Husna akasema iachwe, Sharifa atakuwa anataka kuzungumza. Telma alimbusu mkono, akasema "nkono wa baraka huu," akatoka.

Runinga ilikuwa nyeusi tena. Bi Mariamu alisimama na kanga yake, akainyoosha kwa ncha mbili, akafika mbele ya kioo, akasita. Alitazama mlango. Akaishusha kanga hadi kiunoni, akasogea kando.

"Jitazame kidogo," alisema. "Hakuna aliyeona."

Husna alitazama. Mashavu yalikuwa yale yale yaliyoingia ndani, macho yamevimba, kitambaa kimekwenda upande. Aliinua mkono akakiweka sawa, kama ambavyo angemwekea Sharifa ushungi. Safari hii hakuchukua muda kumjua ni nani. Alikuwa mama wa bi harusi.

"Sasa funika," alisema.